Sura nyeusi peke yake haitoshi, stelingi apewe na kwao

Kabla ya stelingi wote wenye nguvu za ajabu tunaowaona leo kwenye mabanda ya video, alitangulia mmoja, naye alikuwa mkimbizi.

Jina lake Superman. Vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, walimtoa katika jarida la katuni nchini Marekani mwaka 1938. Hadithi yake ni fupi. Kwao kunaangamia. Wazazi hawana namna ya kuokoka, wanamtia mtoto wao mchanga katika chombo na kumtuma mbali. Anaokotwa na watu wa nchi ngeni, wanamlea na kumpa jina lao. Akikua anaitwa Clark Kent, na wanaojua alikotoka ni wachache.

Ndugu msomaji, wewe uliyekulia Katumba, Mishamo au Ulyankulu, au uliyerudi juzi kutoka Nyarugusu, hadithi hii huhitaji kutafsiriwa. Unawajua wazazi walioondoka usiku na unawajua watoto waliopewa majina ya ugenini.

Lakini angalia jambo moja. Clark Kent anavaa miwani na tai, anaingia mjini na kuajiriwa katika gazeti. Hakuna anayemuuliza babu yake alizikwa wapi, wala anayeicheka lafudhi yake. Ni mweupe katika nchi ambayo mweupe huhesabiwa kuwa mwenyeji. Ngozi yake ndiyo kitambulisho chake.

Siku hizi mjadala wa rangi katika filamu za mashujaa ni mkubwa, na mara nyingi watu huhesabu sura: weusi wangapi, Waasia wangapi, wanawake wangapi. Hesabu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, inaacha swali moja njiani. Stelingi mweusi akishapatikana, je, ana kwao?

Stelingi wasio na kwao

Tuanze na Blade wa mwaka 1998, aliyeigizwa na Wesley Snipes. Filamu ile iliingiza fedha za kutosha kuwaonyesha wakubwa wa studio kwamba stelingi mweusi anauza tiketi. Lakini Blade ni nani? Mama yake aling'atwa na mnyonya damu akiwa mjamzito, mtoto akazaliwa nusu binadamu, nusu mnyonya damu. Huku hatoshi, kule wanamwinda. Miaka kumi baadaye, mwaka 2008, Will Smith akaja na Hancock. Huyu ana nguvu za kusimamisha treni, lakini amepoteza kumbukumbu na hajui alikotoka.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni Storm, dada anayeamuru mvua na radi. Katika katuni, ambako alianza kuonekana mwaka 1975, mama yake ni Mkenya na baba yake ni Mmarekani mweusi. Filamu ya X-Men ilipotoka mwaka 2000, nafasi hiyo akapewa Halle Berry. Sura ilikuwapo, radi ilikuwapo, lakini habari za kwao hazikusimuliwa. Mtu aliyetazama filamu ile bila kusoma katuni hakuwa na njia ya kujua kwamba Storm ana wajomba Kenya.

Afrika yenyewe ilipoonyeshwa, ilikuwa uwanja wa wengine kupigania. Katika Avengers: Age of Ultron ya mwaka 2015, Hulk na Iron Man wanabomoa majengo ya Johannesburg. Mwaka uliofuata, katika Captain America: Civil War, mlipuko unaua watu Lagos. Wenyeji kazi yao ni kukimbia na kupiga kelele.

Mzee Kani na lugha ya mama

Katika filamu hiyohiyo ya mwaka 2016 ndipo jambo dogo lilipofungua mlango mkubwa. John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, alipewa nafasi ya mfalme T'Chaka wa Wakanda. Ilipofika sehemu ya kuzungumza na mwanawe T'Challa, mzee aliona si kawaida baba na mwana wa Kiafrika kusalimiana kwa Kiingereza wakiwa wawili. Akapendekeza waseme Kixhosa, lugha yake ya mama. Waongozaji wakakubali, na Chadwick Boseman, mzaliwa wa South Carolina, akajifunza maneno yale.

Mwaka 2018 ikaja Black Panther yenyewe, chini ya Ryan Coogler, mzaliwa wa Oakland. Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Boseman alishikilia kwamba mfalme wa nchi ambayo haikutawaliwa na mkoloni hawezi kusema kama aliyesomea Uingereza. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani na kupata tuzo tatu za Oscar. Kwa mara ya kwanza katika filamu ya ukubwa huo, stelingi mweusi alikuwa na nchi, kaburi la babu, na lugha ambayo hakuomba ruhusa ya kuitumia.

Ukichunguza waliocheza humo utakutana na sisi wenyewe. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico wakati familia yake iko uhamishoni, akarudi Kenya akiwa mtoto mchanga. Danai Gurira alizaliwa Marekani, wazazi wake wakarudi naye Zimbabwe mwaka 1983, baada ya uhuru. Florence Kasumba alizaliwa Kampala na kukulia Ujerumani. Daniel Kaluuya ni Mwingereza wa wazazi kutoka Uganda. Wanne wote ni watoto wa njiani, na ndio waliopewa kazi ya kuonyesha dunia maana ya kuwa na kwao.

Wapo wanaosema hii ni biashara tu ya Disney, kampuni inayomiliki Marvel. Ni kweli, na Wakanda imeshonwa kwa viraka: blanketi za Basotho, mapambo ya Wamaasai, rangi za Wahimba, na lugha ya kusini katika nchi inayowekwa mashariki mwa bara. Hata hivyo, kiraka kilichoshonwa kwa heshima kinasitiri kuliko uchi wa zamani.

Mtoto aliyerudi

Kwa msomaji wa ukurasa huu, mtu wa kumtazama zaidi katika filamu ile ni adui, Erik Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan.

Baba yake ni mwana wa mfalme wa Wakanda aliyetumwa Marekani na kuzaa huko. Mfalme, ambaye ni ndugu yake, anamuua kwa kosa la usaliti, kisha anaondoka na kumwacha mtoto Oakland, ili siri isijulikane. Mtoto anakua bila baba na bila nchi. Alichonacho ni pete ya ukoo, alama ya Wakanda ndani ya mdomo, na masimulizi ya machweo ya kwao ambayo hajawahi kuyaona.

Siku anapofika nyumbani hawamtambui. Nguo zake si zao na lafudhi yake ni ya mitaa ya Marekani. Anasimama mbele ya wazee akiwa na pingu na kuwataka wamuulize yeye ni nani. Anapojitaja kwa jina la ukoo, N'Jadaka, baraza linashtuka.

Tena angalia aliyempokea kwanza. Ni W'Kabi, mkuu wa kabila la mpakani, watu wanaojifanya wachungaji maskini ili wageni wasijue utajiri ulio nyuma yao. Mfanyabiashara wa Kobero au Mugina anaielewa kazi hiyo. Mtu wa mpakani ana uso wa upande huu na maneno ya upande ule, na ndiye wa kwanza kujua anayekuja ni mgeni au ni ndugu.

Killmonger anafanya uovu mwingi, simtetei. Lakini filamu haikumwacha awe adui wa kawaida. T'Challa mwenyewe anawaendea mababu zake na kuwaambia walikosea kumtelekeza yule mtoto. Mwishoni anarudi Oakland, kwenye majengo yaleyale, kuanzisha kituo cha kuwasaidia vijana. Yaani nchi nzima inakiri kwamba hatari iliyoingia mlangoni iliikuza yenyewe.

Darasani kwetu

Mimi nilizaliwa na kusoma katika makazi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi Burundi mwaka 2008. Nilikuja na cheti cha ualimu na Kirundi cha jikoni kwa mama. Ofisi moja niliyokwenda kuomba kazi ilinihoji kwa Kifaransa. Nilipojibu kwa Kiswahili, ofisa alicheka na kuniambia nirudi kwetu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuja kwetu.

Leo ninao wanafunzi waliorudi katika wimbi la baadaye. Wanachanganya lugha, na wenzao wakikasirika huwaita Watanzania. Wote hao, waliorudi na waliobaki, Jumamosi hukaa benchi moja kwenye banda la video. Nilipowauliza kuhusu Killmonger, waliobaki wengi walisema ni adui, basi. Waliorudi walikaa kimya kidogo, kisha mmoja akauliza: "Mwalimu, kwani wangempokea mapema, angepigana na nani?"

Ndiyo sababu suala hili si la Marekani peke yake. Mtoto hujifunza kwenye skrini nani ni mwenyeji na nani ni wa kutiliwa shaka, kisha huja na somo hilo darasani na sokoni.

Mlango unaendelea kufunguka. Mwaka 2021 Shang-Chi alikuja na Kichina chake. Mwaka 2022, tamthilia ya Ms. Marvel ilimleta binti Mwislamu mwenye asili ya Pakistan, na ndani yake treni za wakimbizi wa mgawanyiko wa India wa mwaka 1947. Hapa jirani, mwaka uleule wa Black Panther, Mkenya Likarion Wainaina alitoa Supa Modo: binti mgonjwa anayeitwa Jo anaota kuwa shujaa, na kijiji kizima kinakusanyika kumtengenezea filamu yake.

Na tusiwasahau watafsiri wa mabandani, kama Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda. Wakubwa wa Hollywood hawakuwatuma, lakini kwa miaka mingi wamewapa stelingi wa kigeni maneno ya mitaani kwetu.

Ninalo ombi kwa wenzangu wa mpakani. Ukivuka Manyovu au Kabanga na oda yako ya filamu, itafute na Supa Modo, watoto wakaione. Nanyi wazazi, mtoto akirudi kutoka bandani msimuulize stelingi kaua wangapi. Muulizeni kwao ni wapi, na nani alimpokea alipofika.