Wahubiri wa Kale: Makofi ya Konstantinopoli (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulitazama onyo la Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, juu ya zama ambazo watu watajichagulia waalimu wa kuwafurahisha. Na aghalabu tusomapo maneno hayo hudhani kwamba mhubiri wa kweli atajulikana kwa kanisa tupu, lakini habari za Yohane Krisostomo, mzaliwa wa Antiokia aliyefanywa askofu mkuu wa Konstantinopoli mwaka 398, zatuonyesha ukaidi wa namna nyingine, ambao kwa maoni yangu ni mgumu zaidi kutibika.

Yohane hakukosa wasikilizaji. Halaiki ilimsongea, na kila alipotoa neno fasaha walimpigia makofi na vifijo. Siku moja, alipokuwa akifasiri kitabu cha Matendo ya Mitume, aliwaambia kwamba makofi humfurahisha mhubiri kwa saa ile tu, kisha arudipo nyumbani humwachia huzuni, akikumbuka kwamba waliomshangilia hawakufaidika kitu. Akataka iwekwe sheria watu wasikilize kwa utulivu, na kabla hajamaliza kuieleza wakaanza kelele tena! Watu hao hao, waliokwisha kuandamana wakimwomba Mungu azuie mvua iliyotishia mazao yao, hawakuona haya kujaa katika uwanja wa mbio za farasi siku ya Ijumaa.

Sisemi kwamba ulimi wake ulikuwa mpole. Socrates, mwanahistoria wa Kanisa, hakuuficha ukali wake. Lakini alipokemea anasa za matajiri, na alipopunguza gharama za nyumba ya uaskofu ili fedha ziende kwa wagonjwa hospitalini, ndipo wakubwa walipofahamu kwamba mafundisho yale hayakuwa burudani. Malkia Eudoxia na Theofilo, askofu wa Aleksandria, wakawa kitu kimoja. Mwaka 403 baraza la maaskofu likamvua cheo, akarudishwa upesi watu wake walipofanya ghasia, na mwaka uliofuata akahamishiwa Cucusus, milimani Armenia.

Walidhani wamemnyamazisha. Kumbe huko uhamishoni aliandika barua kwa shemasi Olympias na kwa makasisi waliohubiri Foinike, akiwahimiza wasiiache kazi, hata mwaka 407 askari wakaamriwa kumpeleka mbali zaidi, naye akafia njiani. Barua hizo kwa Olympias ndizo tutakazozitazama juma lijalo.