Usicheki Keja Jumapili Mchana

Kila keja inakuwanga fiti Jumapili saa nane. Jua imewaka, stima iko, mfereji inamwaga, na jirani ako church so sabufa imezimwa. Keateka ameoga. Mama mboga wa hapo geti anakuuliza kama ni wewe unahamia ile ya orofa ya tatu, na kabla ujibu ashakuita kasto. Unatoa renti, unatoa depo, jioni unatafuta mkokoteni.

Mimi niliingia box hivyo Ronga.

Hiyo time nilikuwa Roysa, kabedsita ka ngiri tisa. Beshte yangu akanishow huko kwao unapata size hiyo hiyo kwa ngiri sita, tiles hadi kwa choo, na ukitoka kwa balconi unaona Ngong Hills. Thao tatu kila mwezi! Nilihama hadi sikumwambia mathe. Kitu ya kwanza nilijua kuhusu Ronga niliijua Jumatatu, saa kumi na moja na nusu asubuhi, nikiwa kwa laini ya mat na watu kama harobaini mbele yangu.

Jokes za visa ya kuingia Ronga sitaki, nishazisikia zote. Ni ukweli ukivuka mto Mbagathi umetoka Nairobi umeingia Kajiado, lakini hiyo si shida. Shida ni barabara. Magadi Road upande moja ni Nairobi National Park. Thika Road jam ikishika, makanga anajua panya route ya kupitia nyuma ya maploti. Ronga utapitia wapi? Huwezi ambia simba isonge.

Mwisho wa mwezi nikakaa chini na hesabu. Roysa hadi tao nilikuwa nalipa sixty, Ronga nikawa nalipa soo na mbao. Hiyo ni sixty juu, asubuhi na jioni, siku 24 za job. Jumla: 2,880. So ile thao tatu nili-save, nilibaki na 120. Hiyo ni matumbo kidogo, na masaa tatu zaidi kwa barabara kila siku. Mvua ikanyesha mara moja, fea ikapanda, hata matumbo ikaenda.

Na msiseme nadiss Ronga. Nganya za huko ni design yake, skrini, graffiti, besi inakutikisa hadi figo, na kama job yako iko Karen ama Lang'ata, ama unasoma Multimedia, huko ni kwenu kabisa. Mtaa haina ubaya peke yake. Ubaya ni ikiwa kule na ugali yako iko kule ingine.

Cheki Pipeline. Watu wanaicheka juu orofa zimebanana, hadi msee wa chini anawasha taa saa saba mchana na tokeni inaisha akipika tu chai. Lakini enda stejini asubuhi uone vile wasee wanatoka kwa mguu, laini refu, wakiingia Inda. Fea yao ni sufuri. Huyo msee alipiga hesabu yake kitambo, hakungoja ushauri ya mtu wa Kili.

Kuna wenye wanafuata barabara ama reli mpya. Hapo pia chunga. Thika Superhighway ilimalizwa 2012, na mwaka hiyo hiyo Syokimau ikapata stesheni ya treni. Ukipata keja yenye unatembea dakika kumi hadi stesheni, shika haraka, juu treni haishikwi na jam. Expressway ni stori ingine. Ilifunguliwa 2022, kilomita 27, Mlolongo hadi Westi, na ajenti wa Mombasa Road atakuambia ukiwa hapa tao ni dakika kumi na tano. Ni ukweli, kama uko na ndai na doo ya kulipia. Kama ni mat, mara nyingi utakuwa unaiangalia kutoka chini ukiwa kwa jam.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo juu hapa ndio watu wanalia. Maji nyingi ya Nairobi inatoka Ndakaini, huko Murang'a, na haitoshi jiji, so inagawanywa kwa zamu. Kila mtaa iko na siku zake. Ukiuliza keateka atakuambia maji iko siku zote, na hadanganyi vile, anamaanisha iko kwa tanki yake. Usimuulize. Panda ngazi uangalie mitungi. Ukipata kila mlango iko na mitungi tano za lita ishirini zimepangwa kama askari, umeshajibiwa. Na ukienda pande za Kite ama Syoki, omba maji kwa kikombe uonje. Borehole za huko nyingi ni za chumvi. Nilipelekea mathe chai niliyopika na hiyo maji, akanywa moja, akaniuliza polepole kama nina stress.

Halafu mchanga. Hii hakuna mtu atakuambia. Upande wa Kinoo na Kikuyu ni mchanga nyekundu, inachafua lakini inakauka. Utawala, Kite na sehemu kubwa ya Embakasi ni ile nyeusi, ikinyeshewa inashika kiatu na haiachi. Njia ya kujua ni rahisi: cheki kioski za stejini. Ukiona mama amepanga gambuti za watu kwa laini, kila mtu ameacha zake avae viatu za job, hiyo ni ripoti kamili ya mtaa na haujalipa mtu.

Na angalia ukuta za chini. Aprili 2024 mito zilifurika, Mathare na Mukuru watu wakapoteza kila kitu, na hata South C, huko kwa wenye magari, maji iliingia hadi kwa sitting room. Rangi mpya kwa ukuta inaishia kiunoni? Uliza mbona.

Usiku ni sista yangu alinifunza. Yeye kabla alipe depo anashuka stejini saa tatu usiku na anatembea hadi geti akihesabu taa. Zenye hazifanyi pia anahesabu. Kuna keja fiti sana Zimma aliachilia juu ya mita mia moja ya giza tu. Nilimwambia anaogopa bure. Akaniuliza mara ya mwisho mimi kutembea nikiwa nimeshika funguo kati ya vidole ni lini. Sikuwa na jibu.

Ah, na sheria. Msee akikuambia mpangaji analindwa, muulize vizuri. Kuna sheria ya zamani, Cap 296, inazuia mwenye nyumba kukupandishia renti ovyo. Lakini ni ya keja zenye renti haipiti 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya 2,500 na tiles nihamie leo. Wengine wote tunalindwa na kuwa wapole kwa keateka.

Ronga nilikaa miezi saba. Kutoka hapo nikajiwekea sheria yangu, sicheki keja wikendi. Mwezi jana nilipata moja Kahawa West, nikaambiwa njoo Jumapili mchana. Nikaenda Alhamisi, saa kumi na moja asubuhi, mvua inanyesha, stima imepotea. Nikagonga geti nikiwa nimelowa. Keateka akatoka na tochi kwa mkono moja na rungu kwa ile ingine.

"Kijana, watu hucheki keja mchana."

"Mzae, mchana sitakuwangi hapa."

Akanimulika kutoka kichwa hadi viatu, akaona matope, akacheka kidogo. Akafungua.