Kwa Nini Kigari cha Porini Hupinduka Hata Mahali Tambarare

Njia zinazotoka Kambove, mji wa madini kusini-mashariki mwa Kongo, kwenda machimboni na mashambani zina sura mbili. Masika yakishika, kuanzia Novemba, maji huzikata kwa mifereji na kila tairi hulazimika kufuata ufa uliochimbwa na malori. Kiangazi kikiingia, udongo ule ule mwekundu hukauka, kingo za mifereji hugeuka ngumu kiasi cha kupinda rimu, na vumbi la malori ya madini huficha shimo lililo hatua chache mbele. Kwa njia za namna hii mtu yeyote hutamani kigari kidogo cha magurudumu manne, chenye viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani kama wa gari, na sanduku la mizigo nyuma. Huzunguka kichuguu ambako pikapu ingerudi ilikotoka. Hupanda kifusi cha mgodi wa zamani bila kuhema. Tatizo lake ni moja, nalo ni kubwa: hupinduka upesi.

Watu wengi hulaumu mlima au dereva. Kisa kimoja kinachojulikana sana kinaonyesha vingine. Tarehe 31 Machi 2009, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, ilitangaza mpango wa kurekebisha bila malipo vigari vya Yamaha Rhino. Tume ilikuwa imechunguza ajali zaidi ya 50, zikiwamo zilizoua madereva na abiria 46 wa Rhino 660. Zaidi ya theluthi mbili za ajali zile zilikuwa za kupinduka, na nyingi zilionekana kutokea gari likikata kona kwa mwendo mdogo mahali tambarare. Wengi hawakuwa wamefunga mkanda. Marekebisho yenyewe yalikuwa mepesi kushangaza: spesa za kuyasogeza nje magurudumu ya nyuma, kuondolewa kwa nondo ya stabilaiza ya nyuma, na kuwekwa kwa milango nusu na vishikio pale ambapo havikuwapo.

Ukielewa kwa nini vitu hivyo vichache vilichaguliwa, umeelewa karibu kila kitu kuhusu utulivu wa kigari.

Chukua futi ya fundi upime umbali kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia. Huo ni upana wa magurudumu. Kipimo cha pili hakionekani kwa macho: ni kimo cha kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari, watu na mizigo ungekusanyika kama ungekuwa nukta moja. Gawanya nusu ya upana kwa kimo hicho. Namba unayopata hueleza ni kiasi gani cha nguvu ya ubavuni kinatosha kuliangusha gari. Kwa magari madogo ya kawaida huwa kati ya 1.3 na 1.5, na kwa pikapu na magari marefu ya familia huwa kati ya 1.0 na 1.3.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kigari chenye upana wa mita 1.25 na kitovu cha uzito kilicho sentimita 65 juu ya ardhi, watu wawili wakiwa ndani, hupata 0.96. Kikisimama kiubavu juu ya bamba linaloinuliwa polepole, kitaanguka bamba likifika nyuzi 44 hivi. Mwenye kigari anataka kipite vizuri kwenye mifereji, kwa hiyo anafunga matairi makubwa na kunyanyua springi. Kitovu kimepanda sentimita 5, na namba imeshuka hadi 0.89. Ameongeza uwezo wa kupita na kupunguza uwezo wa kusimama. Kisha anasikia habari za spesa, anaongeza sentimita 5 kila upande: namba inarudi 0.96, pale pale alipoanza, na fedha zimekwenda. Spesa zile zile bila kunyanyua chochote zingempeleka hadi 1.04. Kwa maoni yangu, kunyanyua kigari kwa ajili ya sura ni kosa lisilo na udhuru. Kama hakigusi chini kwenye njia unazopita kila siku, kiache kilivyo.

Spesa nazo zina gharama yake. Gurudumu likisogea nje, mzigo kwenye beringi na kwenye boliti huongezeka, na usukani huwa mzito zaidi kwenye mawe kama ni magurudumu ya mbele yaliyosogezwa. Likasi, mji jirani wa Kambove, ina bahati ya kuwa na utamaduni wa ufundi wa chuma tangu enzi za karakana kuu za Panda za kampuni ya madini ya Gécamines, na si vigumu kumpata fundi wa kukereza atakayekutengenezea spesa nzuri. Mwambie mambo mawili. Kwanza, spesa ikae juu ya kitovu cha gurudumu bila nafasi, ili boliti zisibebe uzito peke yazo. Pili, zote ziwe na unene ule ule hadi milimita, kwa kuwa tofauti ya upande mmoja na mwingine hulivuta gari ukikanyaga breki. Nati zikazwe kwa kipimo, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Nondo ya stabilaiza ndiyo inayowachanganya watu, maana kazi yake inajulikana kuwa ni kuzuia gari lisilale kwenye kona. Kuiondoa kungeongezaje usalama? Jibu liko kwenye tofauti kati ya mbele na nyuma. Gari likikata kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Ekseli iliyo ngumu zaidi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uhamaji huo, na tairi lake la nje likizidiwa huanza kuteleza mapema. Nyuma ikiwa ngumu, mkia hutoka nje, na gari hukata kona kali kuliko ile aliyoitaka dereva. Kona ikiwa kali kwa mwendo ule ule, nguvu ya ubavuni huongezeka ghafla, tena bila dereva kuzungusha usukani hata kidogo. Hapo ndipo kigari hulala wakati dereva anaamini anakwenda taratibu. Nyuma ikilegezwa, ni mbele inayoteleza kwanza: gari hupanua kona, dereva huhisi, huachia mafuta, na mambo yanatulia.

Hii haina maana uende leo ukafungue nondo ya kigari chochote ulichonacho. Kwenye Rhino ulikuwa uamuzi wa waliolitengeneza, ukaenda sambamba na upana mpya wa nyuma. Kanuni ya kushika ni kwamba usiifanye nyuma iwe ngumu kuliko mbele. Na kosa hilo hufanywa kila siku na watu wasiojua wanalifanya, wanapoongeza jani la springi au kufunga springi ngumu nyuma tu ili sanduku libebe zaidi. Sanduku likiwa tupu, wameunda kigari kinachotoa mkia.

Upepo wa matairi huingia humo humo. Matairi ya vigari hivi mara nyingi hutaka psi 10 hadi 20, wala si 30 na zaidi za gari la kawaida. Ukijaza kupita kiasi gari hurukaruka, ukipunguza mno kwenye tairi la nyuma ubavu wake hukunjika kwenye kona na mkia huyumba. Geji ndogo ya upepo ni rahisi kuliko kifaa kingine chochote nilichokitaja hapa.

Hata hivyo, kwa mtu wa Kambove, hayo yote ni madogo mbele ya suala la mzigo. Kigari cha matangazo ya biashara hubeba watu wawili wenye kofia ngumu. Kigari cha hapa kitabeba mifuko ya mawe ya madini, magunia ya mkaa, bidoni za mazuti, jenereta, na kijana aliyekaa juu ya vyote. Rudi kwenye kigari chetu cha mfano, kikiwa na uzito wa kilo 600 pamoja na watu wake. Pakia kilo 200 zilizorundikwa hadi katikati yake ikafika mita 1.1 kutoka ardhini. Kitovu cha gari zima kinapanda hadi sentimita 76, na namba inaporomoka hadi 0.82. Kilo zile zile 200 ukizitandaza chini ya sanduku, katikati yake ikiwa sentimita 70, kitovu kinabaki sentimita 66 na namba ni 0.94. Hujanunua chochote wala hujaita fundi.

Mawe ya shaba na kobalti ni mazito kwa ujazo mdogo, kwa hiyo hulala chini yenyewe ukiyatandaza; hatari yake ni kuzidisha kilo. Mkaa ni mwepesi, hivyo gunia hupandishwa juu ya gunia mpaka mzigo unakipita kichwa cha dereva, na kamba zikilegea huinama wote upande mmoja. Bidoni iliyojaa nusu ina ubaya wa aina yake, maana mafuta hukimbilia upande wa nje wa kona wakati ule ule gari linapolalia huko. Ijaze mpaka juu au ibebe tupu.

Sasa ongeza njia. Kigari cha mita 1.25 kikitumbukiza magurudumu ya upande mmoja kwenye mfereji wa sentimita 30, tayari kimeinama nyuzi 14. Kama mfereji huo uko upande wa chini wa mteremko wa nyuzi 15, jumla ni 29. Kigari kilichopakiwa vibaya, chenye namba 0.82, huanguka kwenye nyuzi 39, na springi za upande wa chini zikibonyea zitakuwa zimekula sehemu ya zile 10 zilizobaki. Jiwe moja chini ya tairi la juu linamaliza kazi. Ukihisi gurudumu la juu linaachia ardhi, elekeza usukani chini ya mteremko. Ukielekeza juu unaliongezea gari nguvu ya kuanguka.

Dereva aliyezoea udongo huja kudanganywa na lami. Kwenye changarawe tairi huteleza kabla nguvu ya ubavuni haijafikia kiwango cha kupindua, na mtelezo huo humwokoa bila yeye kujua. Akitoka porini akaingia barabara ya lami ya Likasi, au tairi linaloteleza likigonga ukingo mgumu wa mfereji, mtelezo unakoma na nguvu yote inakwenda kwenye kupindua. Kwa namba 0.82, kona yenye nusu kipenyo cha mita 8 inatosha kukiangusha kigari kwenye kilomita 29 kwa saa.

Moto za magurudumu matatu zenye sanduku, zile ambazo Tanzania huziita guta, zinastahili kutajwa hapa, maana zinabeba kazi ambayo vigari vya magurudumu manne vingeifanya. Mstari wa kupindukia wa chombo hicho hutoka kwenye gurudumu moja la mbele hadi gurudumu la nyuma, kwa mshazari. Chukua moto yenye urefu wa mita 2.2 kati ya magurudumu na upana wa nyuma wa mita 1.1. Ingekuwa na magurudumu manne, ingeegemea sentimita 55 kila upande. Kitovu cha uzito kikiwa mita 1.4 nyuma ya gurudumu la mbele, zinabaki sentimita 34 tu. Ukifunga breki kwenye kona, uzito unakimbilia mbele, palipo pembamba zaidi. Marekani watengenezaji walikubali mwaka 1988 kuacha kuuza moto za porini za magurudumu matatu, wakabaki na za manne. Kwa anayelazimika kuitumia, mzigo ukae chini na karibu na ekseli ya nyuma, bila kuifanya mbele iwe nyepesi hadi usukani ukose nguvu, na breki imalizwe kabla ya kuanza kukata kona.

Kuna jambo ambalo spesa haiwezi kulifanya. Kigari kikianza kulala, mwili wa binadamu hutoa mguu au mkono nje kukizuia, bila kuamriwa. Kilo 600 hazizuiliki kwa mguu. Fremu ya chuma iliyo juu ya viti hulinda mtu aliye ndani yake, na humponda aliyetoka nusu. Ndiyo maana milango nusu na vishikio viliingizwa kwenye marekebisho ya mwaka 2009 pamoja na vyuma vya magurudumu. Mkanda, mlango hata wa wavu uliochomelewa mtaani, na mahali pa kushika mkono: bila hivyo kigari hakijakamilika, hata kiwe kipana namna gani. Na anayekaa juu ya mzigo hana fremu wala mkanda, huku uzito wake ukiwa mahali pabaya kuliko pote.

Kwa wenye vigari na wasimamizi wa vyama vya ushirika vya wachimbaji katika eneo la Kambove nina ombi moja. Nunueni kopo dogo la rangi nyekundu. Choreni mstari ndani ya sanduku la kila chombo, kwenye kimo ambacho mzigo usivuke, na mwandike kando yake kilo ambazo mtengenezaji ameruhusu. Mpakiaji asiyejua kusoma ataufuata mstari, na dereva atakuwa na sababu ya kukataa gunia la mwisho.