Tenisi: Mtoto Anayekubali Kurekebishwa

Mzazi anapompeleka mtoto kwenye uwanja wa tenisi, kwa kawaida huuliza kwanza kama ana kipaji. Makocha huangalia pia jambo lingine: akirekebishwa, je, atajaribu alichoambiwa? Jambo hilo si rahisi, kwa sababu marekebisho mengi humfanya mchezaji apoteze mechi kabla ya kuimarika.

Pete Sampras wa Marekani alilipitia hilo. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi, alipiga mipira ya upande wake wa kushoto kwa kushika raketi kwa mikono miwili, na alikuwa akishinda. Aliyemfunza, Pete Fischer, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa watoto, alimtaka atumie mkono mmoja. Alikuwa akilenga Wimbledon, ambako mechi huchezwa kwenye nyasi na mpira hudunda chini, tena kwa kasi. Sampras alikubali. Vijana aliozoea kuwashinda wakaanza kumshinda yeye. Wazazi wengi wangetafuta kocha mwingine wiki hiyo hiyo. Mwaka wa 1990, akiwa na miaka 19, alitwaa US Open, na baadaye akashinda Wimbledon mara 7.

Waliokomaa nao huhitaji kuelekezwa. Andy Murray wa Uingereza alikuwa ameshindwa katika fainali 3 za mashindano makuu alipomchukua Ivan Lendl mwishoni mwa 2011. Lendl mwenyewe alikuwa amepoteza fainali 4 kabla ya kupata taji lake la kwanza kuu mwaka wa 1984, hivyo aliyajua machungu hayo. Murray alipoteza nyingine Wimbledon mwaka wa 2012, hakumfuta kocha, na miezi miwili baadaye akashinda US Open.

Hapa nchini, Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake, aliwahi kufanya mazoezi mbali na nyumbani, katika kituo cha Casablanca, Morocco. Mwaka wa 2022 alishinda taji la Wimbledon la wasichana wachezao wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Mtoto anayeuliza kwa nini anabadilishwa si mkaidi. Kocha mzuri atamweleza. Mzazi naye anaweza kumuuliza kocha ni nini kinachorekebishwa msimu huu, na kwa muda huo asihesabu sana mechi zilizopotea.