Kutoa Fedha ATM kwa Simu: Namba ya Siri ni Amana

Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, simu imekuwa mfuko wa fedha kwa wengi wetu hapa Ilemela, kuanzia wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba hadi wastaafu wanaosubiri pensheni. Siku hizi simu hiyo hiyo huiamuru hata mashine ya ATM itoe fedha pasipo kadi.

Utaratibu ni mwepesi. Mwenye akaunti huingia katika programu ya benki yake, huchagua kutoa fedha bila kadi, hutaja kiasi na kuthibitisha kwa namba yake ya siri. Benki humpatia tarakimu chache zinazotumika mara moja tu, kwa muda mfupi. Akifika kwenye mashine huingiza tarakimu hizo, na fedha hutoka. Baadhi ya benki humruhusu pia kumtumia tarakimu hizo ndugu aliye mbali, asiye na akaunti.

Tuelewe basi kwamba mashine haimtambui mtu kwa uso, bali kwa tarakimu. Tarakimu za mara moja zikivuja, hupotea kiasi kilichoombwa. Namba ya siri ikivuja, akaunti nzima imo hatarini.

Wazee wengi, kwa udhaifu wa macho au kutozoea simu, humwachia mjukuu au jirani simu pamoja na namba ya siri. Hatuwalaumu. Vijana, hata hivyo, wakumbuke kuwa wamekabidhiwa amana. Kujichukulia shilingi elfu mbili “za usumbufu” bila mzee kujua ni kuvunja Amri ya Saba, na kosa hilo hudai kurudisha kilichochukuliwa, si kuungama tu. Lililo bora ni mzee kubonyeza namba ya siri mwenyewe, kijana akimwongoza hatua nyingine na kumsomea salio.

Anayepiga simu kuuliza namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa benki au wa Kanisa, ni tapeli. Namba yake iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zitenge dakika chache baada ya sala, vijana wawaelekeze wazee. Kumfundisha asiyejua ni tendo la huruma.