Tanzanaiti: Jina la nchi lililotungwa New York

JINA la tanzanaiti limebeba jina la nchi yetu, hivyo ni rahisi kudhani kwamba lilitungwa hapa nchini na wale waliolichimba jiwe hilo. Sivyo ilivyokuwa.

Jiwe hilo la rangi ya buluu inayokaribia zambarau lilipatikana Mererani, wilayani Simanjiro, mwaka 1967. Serikali inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alimtangazia zawadi ya Sh100 milioni. Wataalamu walipolipima walibaini kuwa ni aina ya zoisaiti, madini yaliyokwisha kupewa jina huko Ulaya mwaka 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois, kabaila wa Slovenia aliyependa kukusanya madini.

Tatizo lilikuja sokoni. Kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ilitaka kuliuza, lakini masikioni mwa wasemaji wa Kiingereza jina la zoisaiti lilikaribia mno neno lao lenye maana ya kujiua. Nani angemvisha mchumba wake pete ya jina hilo? Mwaka 1968, kwa pendekezo la Henry Platt, mmoja wa viongozi wake, kampuni ikalipa jiwe jina la nchi lilikotoka na kuongeza "-ite", kiambishi chenye asili ya Kigiriki kinachotumika katika majina ya madini. Kiswahili kikalipokea kwa matamshi ya Kiingereza. Nchi yenyewe ilikuwa imeanza kuitwa Tanzania mwaka 1964 tu.

Ni jina la biashara, basi. Kwa wanajiolojia jiwe limebaki kuwa zoisaiti. Mafundi samani wa Keko hawatalishangaa jambo hilo, kwani kitanda kikishatajwa kuwa cha mninga, bei hupanda kabla mnunuzi hajagusa ubao.

Hata hivyo, jina hilo lina faida. Machimbo yake yanayojulikana duniani ni ya Mererani pekee, na hata jiwe lililokatwa na kung'arishwa Jaipur, India, huendelea kuitaja Tanzania dukani.

Kito kingine cha kaskazini mwa nchi hakikupata bahati hiyo. Mwaka huo huo wa 1967, mjiolojia Campbell Bridges alikuta huko Lemshuko jiwe la kijani la jamii ya garneti. Baadaye alilipata pia nchini Kenya, karibu na hifadhi ya Tsavo, na mwaka 1974 Tiffany hao hao wakalitangaza sokoni. Likaitwa tsavoraiti.