Ngoma Iliyosimamishwa

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa Joy Adamson kazi ya kuwachora watu wa makabila ya nchi hii wakiwa katika mavazi yao ya sherehe. Wengi wetu twamjua kwa habari ya simba Elsa, aliyoiandika mwaka 1960. Kazi hii iliitangulia. Alikwenda nchi nzima na rangi zake za maji, na mwaka 1967 picha zake zikatolewa kitabuni. Nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Wachoraji wa misafara ya kale hawakuwa hivyo. Grant, aliyeondoka pwani na Speke mwaka 1860, alichora aliyoyaona njiani. Lakini kwa kitabu cha Speke cha mwaka 1863, michoro yake ilichorwa upya London na Zwecker, ambaye ngoma hizo hakuziona. Adamson alikaa uso kwa uso na anayemchora. (Hukumu ya kuchora viumbe vyenye roho tunawaachia masheikh wetu.)

Hata hivyo, picha zake kwa kawaida ni za mtu mmoja, ametulia, amevaa kamili. Sisi wa Ukunda twaijua sengenya: vumi na chapuo zikijibizana, nzumari ikapanda juu yake, na nyimbo zenye mafumbo ambayo wenyewe ndio wanaoyafumbua. Hando likichorwa kwa mkono hodari, kila rinda huhesabika. Mtikisiko wake haumo, wala haijulikani kama mvaaji alikuwa arusini au kwenye tambiko. Ngoma imesimamishwa ili nguo ionekane.

Kazi ile ilifanywa kwa haraka, kwa dhana kwamba mila hizo zinatoweka. Sengenya ingali inapigwa Kwale. Lakini si dhana tupu: mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila za kaya za Wamijikenda katika orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa dharura, mwaka mmoja tu baada ya misitu yenyewe, Kaya Kinondo ikiwamo, kuingizwa katika urithi wa dunia.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo mchoraji yule alikuwa nalo na sisi twalipoteza. Mtu hachorwi kwa saa nzima bila ya kujua. Alivaa, akasimama, akaridhia. Leo simu hunasa ngoma nzima, mwendo na sauti, na mchezaji hana habari. Kwa watalii wa Diani mchezaji hujua anatazamwa, na hulipwa. Ngoma ya akina mama ndani ya ua, wamejifungia wenyewe kwa wenyewe, ni habari nyingine: mama aliyefunua kichwa mbele ya dada zake hakukifunua mbele ya mji. Tumeona arusi zikisambazwa kabla ya bibi arusi kutolewa. Baadhi ya familia sasa hupokea simu zote mlangoni na kuzitia kapuni, na somo mmoja hukabidhiwa kazi ya kupiga picha zitakazobaki nyumbani. Twaona hao wamefanya vyema.